Maswali ya Wasomaji: Ukuta Kabla ya Plasta

Mwezi huu meseji za ujenzi zimezidi za mambo mengine yote, nadhani ni kwa sababu mvua zimekatika na watu wamerudi saiti. Nimechagua tano. Nitajibu kama mtu wa ukutani maana nimeanza kama saidia fundi, nimebeba maji na mchanga miaka miwili kabla sijakabidhiwa mwiko, na mpaka leo nikiingia kwenye nyumba ya mtu macho yanaenda kwenye kona kwanza ndo yanarudi kwa mwenyeji.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama, najenga kidogo kidogo Kibaha, vyumba vitatu na sebule. Nilinunua tofali za inchi sita kwenye banda la jirani kwa sababu bei ilikuwa chee, sasa ukigusa kona inamomonyoka kama biskuti. Fundi wangu anasema niache wasiwasi, plasta itashika kila kitu. Nimeshanunua 1,200. Nifanyeje? – Mama Mjenzi, Kibaha

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, maana hela ya kujenga kidogo kidogo inauma kuliko hela yoyote.

Kwanza plasta haishiki ukuta, ukuta ndo unashika plasta. Hilo mwambie fundi wako kwa upole. Plasta ni nguo tu, ikivaliwa na mgonjwa haimponyi.

Pili twende kwenye hesabu, chukua simu yako fungua kikokotoo tufanye wote. Tofali ya inchi sita ina urefu wa sentimita 45, kimo 23, unene 15. Ukizidisha unapata kama lita 15 na nusu za ujazo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiumwaga kwenye ndoo ni kama lita 35 tu. Sasa tuseme mwenye banda anatoa tofali 60 kwa mfuko mmoja, 60 mara 15 na nusu ni lita 930, yaani lita 35 za saruji zimeambiwa zishikilie karibu lita 900 za mchanga, sehemu moja kwa sehemu 25 na ushee, na hapo sijahesabu kwamba mchanga ukishindiliwa kwenye mashine unapungua kwa hiyo ulioingia ni mwingi zaidi. Ndo maana inamomonyoka. Mimi nyumba ya chini isiyo na ghorofa sipiti tofali 30 kwa mfuko, na mchanga uwe msafi, sio wa pwani wenye chumvi wala wa kwenye mtaro wenye udongo.

Hizo ulizonazo, chukua tano bila kuchagua, moja moja iangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Nyingine loweka kwenye ndoo usiku kucha halafu asubuhi uikwangue na msumari. Zikivunjika vipande na msumari ukazama kama kwenye ugali, hizo usizipandishe kwenye ukuta wowote utakaobeba linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na paa, na usizijengee uzio pia, uzio ukianguka unamwangukia mtoto anayepita. Jaribu kumrudishia muuzaji, ongea naye vizuri, akikataa basi zivunje ziwe kifusi cha kujazia chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Najua ni maneno mazito kwa tofali 1,200. Ila niliwahi kuwa kwenye saiti moja, tajiri alileta tofali za namna hiyo na mimi nilikuwa kijana sikuwa na sauti, tukajenga, mvua ikapiga usiku mmoja kabla bati halijapanda na asubuhi tukakuta kozi tatu za juu (kozi ni mstari mmoja wa tofali) zimelainika, unasukuma kwa kidole gumba kinaingia. Nilikisukuma mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo tofali nisiyoiamini siishiki.

Awamu ijayo nunua saruji mwenyewe, kodisha mashine na vijana, wafyatulie hapo hapo kwako ukiona. Halafu maji mama, maji. Watu wanadhani tofali inakauka ikawa ngumu, hapana, saruji inakuwa ngumu kwa kunywa maji, ikikauka mapema kazi yake inaishia njiani. Zipange kivulini, zifunike na nailoni au majani, mwagilia asubuhi na jioni siku saba bila kuruka, na kama una subira zikae mwezi kabla hazijapandishwa ukutani. Na siku ya kujenga fundi asipande zaidi ya kozi tano au sita kwa siku, mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha tofali) ya chini bado mbichi, ukiibebesha inakamuliwa na ukuta unaanza kulala.

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Mafinga, huku tofali za kuchoma zipo za kutosha. Nataka nyumba yangu iachwe wazi nje bila plasta, ionekane tofali nyekundu kama yale majengo ya zamani ya misheni. Mafundi watatu wamenikatalia, wanasema itaonekana kama nyumba ya mtu aliyeishiwa hela. Inawezekana au niachane nayo? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Usiachane nayo! Nimefurahi mpaka nimeisoma mara mbili. Hao mafundi nadhani wanaogopa kitu kingine ambacho hawajakwambia, ukuta wa wazi hauna pa kuficha kosa, kila kiungo kinaonekana miaka hamsini. Tafuta fundi wa nne.

Tofali zenyewe kwanza. Tanuri moja linatoa tofali za aina tatu. Za pembezoni hazikuiva, zimepauka na ukizigonganisha zinalia pu. Za jirani na mdomo wa moto zimeungua kupita kiasi, nyingine zimepinda na kung'aa kama kioo. Za katikati ndo zenyewe, shika mbili mkononi uzigonganishe, zinalia kama chuma. Kaa na vijana siku mbili mchague moja moja, zinazolia ziende nje na chini, zilizopauka ziende kuta za ndani ambako mvua haifiki na utapiga plasta.

Halafu weka pipa la maji saiti. Tofali ya kuchoma ina kiu, ukiitumbukiza utaona mapovu yanatoka ti-ti-ti-ti, ngoja mpaka yaishe ndo uitoe, iache ichuje kidogo halafu ijengwe. Ukiijenga kavu inafyonza maji ya mota yote kwa dakika chache na mota inabaki unga. Nimewahi kubomoa ukuta wa hivo, tofali zilikuwa zinatoka safi kabisa kama zimepangwa tu, mota unaipuliza inaruka.

Mota yako isiwe kali. Hapa wengi wanashangaa. Sehemu moja ya saruji kwa sita za mchanga inatosha, na ukipata chokaa ukachanganya kidogo ni bora zaidi. Mota ikiwa ngumu kuliko tofali, siku nyumba ikicheza kidogo (na kila nyumba inacheza, kwa jua, kwa maji, kwa ardhi) ufa unapasua tofali, na tofali iliyopasuka huna cha kuifanya. Mota ikiwa laini kidogo ufa unafuata kiungo, unakwangua, unajaza, umemaliza.

Mpangilio nao ni nusu ya uzuri. Ukuta wa unene wa tofali nzima, mwambie fundi achanganye za kulala ubavu (urefu wake unafuata ukuta) na za kutoa kichwa (zinakatisha unene wa ukuta), zile za kichwa ndo zinafunga uso wa nje na wa ndani viwe mwili mmoja, na kiungo cha juu kisikae kamwe juu ya kiungo cha chini. Viungo milimita kumi, kamba kila kozi, timazi (kamba yenye uzito wa kupimia wima) kila kona. Kupointi, yaani kusawazisha mota ya viungo kwa nje, kufanyike siku ileile, ukibonyeza mota kwa kidole gumba ikabaki alama bila kunata, hapo hapo ipigwe na chuma.

Kama tofali ni ghali kwako kuna ujanja mmoja naupenda sana, unaitwa mtego wa panya. Tofali zinasimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, mbili zinatazamana na katikati panabaki uwazi, halafu moja inakatisha kuzifunga. Ukuta unabaki na unene uleule, tofali zinapungua karibu robo, na ule uwazi unazuia joto mchana na baridi usiku, na baridi ya Mafinga unaijua wewe. Laurie Baker, msanifu mzaliwa wa Uingereza aliyeishi India miaka mingi mpaka akafariki huko 2007, alijenga hivyo sana Kerala, nyumba za watu wa kipato cha chini na chuo cha utafiti pale Thiruvananthapuram, tofali wazi bila plasta, nyingine ameziachia matundu upepo upite na mwanga unaingia ndani kama kupitia mkeka. Ila kwenye kona, chini ya dirisha na usawa wa linta jengea nzito bila uwazi.

Paa litokeze nje si chini ya sentimita 60, na chini ujenge mawe kwanza ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasilambe tofali. Na uulize kuni za tanuri zimetoka wapi, pumba za mpunga zinachoma vizuri tu. Kama huko msitu umeshaisha, angalia tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, wakala wa nyumba bora NHBRA pale Mwenge Dar wamekuwa wakizifundisha miaka mingi, nazo zikiachwa wazi zinapendeza.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Unguja, ya babu yetu. Ukuta wa chini ulikuwa unatoa maji, fundi akabandua chokaa yote akapiga saruji safi. Mwaka wa kwanza ilipendeza, sasa saruji inabanduka mabamba makubwa na unyevu umepanda mpaka usawa wa dirisha, zamani ulikuwa unaishia magotini. Tufanye nini? – Wajukuu, Shangani

JIBU: Waalaykum salaam wajukuu. Hili swali limenigusa kuliko yote.

Ukuta wa babu yenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake una udongo na vipande vidogo, ni ukuta mnene kama nusu mita, na ukuta wa namna hiyo unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini kila siku, yalikuwa yanapanda hata enzi za babu, ila yalikuwa yanafika magotini yanatokea nje kupitia chokaa na upepo unayakausha. Fundi alivyopiga saruji ameuziba pua. Maji hayana pa kutokea, yanaendelea kupanda ndani kwa ndani yakitafuta mlango, na chumvi iliyomo kwenye mawe na kwenye ardhi ya pwani inajikusanya nyuma ya saruji, ikikauka inavimba na kusukuma, ndo hayo mabamba. Msipige saruji nyingine juu yake, naomba sana, na msipake rangi ya mafuta.

Bandueni saruji taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo sio mashine, maana inatoka na uso wa jiwe. Ukuta uachwe wazi ukauke, miezi kadhaa sio wiki, mkiupiga brashi kavu kila chumvi nyeupe inapojitokeza. Halafu rudisheni chokaa. Chokaa ya asili inachomwa kwa matumbawe hayohayo juu ya tanuri la magogo, inazimwa kwa maji, inaachwa ilale kwenye shimo mpaka iwe laini kama siagi. Inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa, kwa hiyo inapigwa tabaka jembamba, inasubiriwa, inapigwa jingine, na inalowanishwa isikauke kwa pupa. Angalieni pia paa na mabomba, mara nyingi maji yanayolaumiwa ardhi yanatoka juu. Na ncha za boriti zilizoingia ukutani zichunguzwe, unyevu ukikaa hapo mti unaoza ndani huku nje unaonekana mzima.

Kabla ya lolote nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mpate kibali na ushauri, mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na kuna mafundi wa chokaa wanaojulikana. Wote tuliona Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la 1883, upande wake mmoja ulivyoporomoka Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati na watu wakapoteza maisha. Mimi siku ile nilishindwa kula.

Nyongeza kidogo hamkuuliza lakini nataka mjue mlichonacho. Vyumba vya nyumba yenu nina uhakika ni virefu na vyembamba, upana kama mita mbili na nusu mpaka tatu. Huo ni urefu wa boriti za mkoko, mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka zaidi ya hapo unaoweza kubeba dari la mawe na chokaa, kwa hiyo mti umechora chumba. Na kwenye mihrabu na milango ya misikiti ya kale ya pwani yetu mafundi walichonga nakshi kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yangali mabichi, maana yakiwa mabichi yanachongeka kwa urahisi na yakikaa hewani yanakuwa magumu. Mtu alizama, akakata, akachonga kabla halijakauka. Muda wake ulikuwa unahesabiwa na jiwe lenyewe.

SWALI: Sasa fundi, niko Ruiru. Nyumba ni ya mawe ya Ndarugo, machine cut, ina miaka mitatu. Kuna ufa umetoka kwa kona ya dirisha unapanda kama ngazi. Niite fundi azibe ama ni mambo kubwa? – Baba Ruiru

JIBU: Poa sana ndugu. Usizibe kwanza. Ufa wa ngazi maana yake upande mmoja wa nyumba unashuka na mwingine umebaki, aidha msingi au udongo, na maeneo mengi huko kuna ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Chukua kipande cha kioo chembamba, kibandike na gundi ngumu kukatisha ufa, andika tarehe kwa kalamu pembeni. Kikikaa mwaka mzima, mvua na kiangazi, bila kupasuka, ufa umetulia, kwangua uzibe. Kikipasuka mwite injinia sio fundi. Na hata kabla ya hapo, kama ufa unapanuka haraka au mlango umeanza kukwama, usingoje kioo. Angalia pia maji ya paa yanamwagika wapi, kama yanaishia kwenye msingi wa kona hiyohiyo basi anza kwa kuyahamisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea usanifu majengo mwaka wa pili. Darasani kila mtu anachora vioo na zege, nikichora tofali wananiambia ni kazi ya kizamani. Ni kweli hakuna usanifu mkubwa wa tofali siku hizi? – Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua karatasi moja ya daftari uisimamishe mezani kwa ukingo wake. Inaanguka. Sasa ikunje mawimbi kama feni ya mkono, isimamishe tena. Imesimama, na ukiiwekea kalamu juu inabeba.

Pale Chicago kuna jengo linaitwa Monadnock, nusu yake ya kwanza ilimalizika 1891, ghorofa 16 kwa kuta za tofali zinazojibeba zenyewe, na ili zibebe ilibidi chini ziwe na unene wa karibu mita 1.8. Watu wakasema basi, tofali imefika mwisho wake. Halafu kule Uruguay injinia mmoja Eladio Dieste akajenga kanisa dogo la kijijini Atlántida, likakamilika 1960, kuta za tofali za kwenda juu kama mita saba, nyembamba, zinaanza chini zimenyooka na zinapopanda zinaanza kupiga mawimbi, mpaka juu ni wimbi kamili linalokutana na paa la tofali lenye mawimbi pia. Ni karatasi yako ileile. Hakuongeza unene, aliongeza mkunjo, na mikono ilikuwa ya waashi wa kawaida wa nchi yake. UNESCO wakaliweka kwenye urithi wa dunia 2021. Sijawahi kufika, picha zake ninazo kwenye simu na nimewaonyesha vijana wangu wote.

Na Afrika yetu, Francis Kéré alijenga shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikamalizika 2001, tofali za udongo zilizoshindiliwa zimechanganywa saruji kidogo, wanakijiji wenyewe ndo waliojenga. Dari nalo ni la tofali limeachiwa upenyo, bati limenyanyuliwa juu yake kwa nondo nyembamba, hewa ya moto inapanda inatoka katikati na bati limetokeza mbali kukinga ukuta na mvua. Ikapata tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan 2004, na mwenyewe mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Wakikwambia kizamani waonyeshe tarehe hizo.

Ila nikuombe kitu kimoja kama mtu anayepokea ramani zenu saiti. Tofali yetu ni sentimita 45, na kiungo kimoja inakuwa 46. Ukichora ukuta wa mita 3.50 umeniambia nijenge tofali saba na kipande, kila kozi nitavunja moja, na ukuta una kama kozi kumi na mbili. Ukichora 3.67 ni tofali nane na viungo saba, hakuna kipande cha kutupa. Dirisha hivohivo, kimo cha linta hivohivo, hesabu kwa kozi za sentimita 24. Kwa mwenye nyumba ni pesa, kwa ukuta ni nguvu maana vipande vidogo ndo huanza kulegea, na kwa jicho ni utulivu ambao mtu anauona bila kujua anaona nini.

Likizo hii tafuta saiti iliyo karibu na nyumbani, omba kibarua hata wiki mbili, ubebe maji, ushike kamba upande wa pili fundi anapopiga kozi. Jioni kabla hawajafagia, zunguka uhesabu vipande vya tofali vilivyobaki chini, halafu uifungue ramani uangalie ni mstari upi uliovivunja.